Hotipoti ya Jirani

Ukiifungua ramani ya dunia, nchi ya Uchangani huioni vizuri, maana ipo pale pale karatasi inapokunjwa. Mwenye kuikunja na kuikunjua mara nyingi huishia kuitoboa. Wenyewe hawaoni ubaya. Ni watu wapole, wanapenda salamu ndefu, na wakati wa mambo haya walikuwa na demokrasia ya miaka ishirini, ambao kwa demokrasia ndio umri wa kuota meno.

Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, kuna Dola Kuu. Jina lake kamili lina maneno kumi na manne na mwenye kulitaja lazima asimame wima, kwa hiyo watu wa Uchangani humwita Jirani tu, kwa herufi kubwa na kwa sauti ndogo. Jirani ana jeshi, ana manowari, ana satelaiti tatu, na moja kati ya hizo kazi yake ni kuangalia Uchangani wamepika nini leo.

Sasa Uchangani wana desturi yao, na pengine hata nyumbani kwako ipo. Mtu akikuletea chakula katika chombo chake, humrudishii chombo kitupu. Utakiosha, kisha utatia kitu: ndizi mbili, mayai, konzi ya sukari. Huna kabisa? Tia hata ndimu. Kumrudishia mtu bakuli tupu ni kumtukana, tena hadharani. Watoto wa Uchangani hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kupenga kamasi.

Jirani, ambaye ana wataalamu wa kila jambo, aliisoma desturi hiyo wiki ileile Uchangani walipopata uhuru. Akaipenda mno.

*

Siku ya kwanza ya uhuru, bendera haijafika hata nusu ya mlingoti, lori la matairi ishirini na mbili lilivuka daraja limebeba hotipoti. Usidhani ni hizi za harusini. Ilikuwa na kimo cha nyumba, rangi ya dhahabu, na mfuniko wake ulifunguliwa kwa winchi. Ndani mlikuwa na pilau. Jamani, pilau! Punje imeachana na punje, nyama haitaki meno, harufu imefika mpaka gerezani. Nchi nzima ikala siku mbili. Siku ya tatu wakaiosha hotipoti kwa ngazi na mafagio, wakatia mapapai mawili yaliyoiva vizuri, wakairudisha.

Jirani alishukuru sana. Alishukuru kwa barua ya kurasa kumi na moja, na katika ukurasa wa kumi akasema, bila kinyongo chochote, kwamba chombo kikubwa kimerudi na kitu kidogo.

Ndipo ukaandikwa Mkataba wa Vyombo. Uliandikwa na Jirani, kwa kuwa kalamu ilikuwa yake. Ibara ya kwanza: chombo kirudi kisafi. Ibara ya pili: chombo kisirudi kitupu, na kilichomo kiwe kitu ambacho mtoaji anakionea uchungu. Ibara ya tatu: masharti haya yatazihusu pande zote mbili kwa usawa. Hiyo ya tatu iliongezwa na mpiga chapa wa Jirani, kwa sababu chini ya ukurasa palibaki nafasi, na yeye hapendi ukurasa wenye upara.

Mwaka wa pili hotipoti ikarudi na mashamba ya chumvi, yaani hati zake. Mwaka wa tatu ikarudi na kisiwa kizima, chenye watu mia nne na shule moja. Halafu reli, pamoja na filimbi za wakuu wa stesheni. Na kila mwaka pilau ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliopita, hilo hakuna anayebisha.

*

Mwenye kuhakikisha kwamba hotipoti hairudi tupu alikuwa Bi Saumu Mlenge, Mkurugenzi wa Vyombo vya Watu katika Wizara ya Ujirani Mwema. Mama wa makamo, mnene kiasi, makini kupita kiasi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi wa kushonea viatu. Kila mwaka alitia saini Hati ya Kilichomo, na bila saini yake lori haliondoki. Alikuwa akiipenda kazi hiyo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba nchi ndogo ikiwa na adabu haitaonewa.

Imani hiyo ilianza kumtoka kidogo kidogo. Mwalimu wa kile kisiwa alimwandikia kuuliza Jumatatu asubuhi watoto waimbe wimbo wa taifa gani. Bi Saumu aliiweka barua kwenye droo ili aijibu baadaye, na hiyo baadaye mpaka sasa haijafika.

Kisha ukaja uchaguzi. Uchangani hawakuwa na masanduku ya kura, Jirani akawaazima mia nne, mapya kabisa. Watu wakapiga kura kwa furaha, wengine mara mbili kwa furaha hiyohiyo. Makarani walipokaa wahesabu, ni Bi Saumu aliyewazuia, na hili likimjia akiwa mezani mpaka leo huacha tonge. Aliwakumbusha kwamba masanduku ni ya watu, na chombo cha watu hakirudi kitupu. Basi yakarudishwa na kura zake ndani. Baada ya wiki tatu matokeo yakaletwa kutoka ng'ambo, yamepigwa chapa safi, mshindi ni Bwana Kondo Matimbwa, ambaye hakuwa amegombea. Bwana Kondo alikuwa refa wa mpira. Habari ya urais ilimkuta uwanjani, mkono juu, anaonyesha kona.

Si mtu mbaya Rais Kondo. Ila katika maisha yake yote alikuwa akiipenda sare, na Ikulu haikumbadilisha.

*

Mwaka wa ishirini hotipoti ilikuja kubwa kuliko zote, ikabidi waya za umeme zishushwe ipite. Bi Saumu alikuwa na mfupa mkononi, anafyonza uboho, alipopewa barua iliyoambatana nayo. Safari hii ilikuwa fupi.

"Tumesikia kwamba maji ya chemchemi ya Mbubujiko ni matamu. Hatuombi kitu. Tunasema tu kwamba tumesikia."

Mfupa ukamdondoka. Mbubujiko ni mji wa watu elfu sita, karibu na daraja la mpakani, na chemchemi yake inanywesha theluthi ya nchi. Zaidi ya hapo, Mbubujiko ndiko alikozaliwa Bi Saumu. Hatua kumi na tano kutoka kwenye chemchemi, ukihesabu hatua za mtu mzima mwenye ndoo, ipo nyumba ya mama yake, Bi Somoe, ambaye amezaliwa hapo, ameolewa hapo, na amekwisha kuwaonyesha watu mahali pa kumzika.

"Hawajaomba," alisema Waziri wa Ujirani Mwema, Mheshimiwa Sefu Gogota, akijipangusa mafuta mdomoni. "Bi Saumu, soma vizuri. Wamesema hawaombi."

"Mheshimiwa, na kile kisiwa hawakuomba. Walisema wameona jua linavyochwea kule wakapendezwa."

"Basi unaona? Ni watu wa kupenda vitu vizuri."

Bunge likakaa siku tatu kujadili hotipoti irudi na nini. Mbunge mmoja alipendekeza itiwe pilau iliyobaki, ikagundulika kwamba haikubaki, na ukoko ulikombwa na Kamati ya Bajeti. Mwingine akauliza kama inawezekana kutoa Mbubujiko lakini maji yabaki. Mbunge wa Mbubujiko mwenyewe alisimama akalia, Spika akamwelekeza machozi yake ayawasilishe kwa maandishi. Walipopiga kura, sitini wakataka mji utolewe, sitini wakakataa. Ikapelekwa kwa Rais aamue.

Rais Kondo uso ulimng'aa. "Sare!" akasema. "Sare kabisa! Basi tuongeze muda." Akatazama saa yake. "Siku tisa. Kikipatikana kitu kingine katika siku tisa, sawa. Kisipopatikana, Mbubujiko iingie ndani ya hotipoti, na Bi Saumu atie saini."

"Na nisipotia saini, Mheshimiwa Rais?"

Rais akamwangalia kwa huruma ya kweli. Huruma anayo, jamani, tumpe haki yake. "Bi Saumu, mwaka ule wa reli tulichelewa siku mbili tu. Unakumbuka? Walileta vifaru wakasema wanatafuta paka wao. Mimi nitakaa mbele ya kifaru nikionyeshe kadi nyekundu?"

*

Bi Saumu akaenda Mbubujiko kumweleza mama yake. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika akakuta vigingi vyeupe vimekwisha chomekwa kuizunguka chemchemi, kimoja katikati ya bustani ya mchicha ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Wamekuja vijana wa ng'ambo wanapima pima, nimewapa chai. Hawana adabu, hawakumaliza." Bi Somoe alikuwa anapembua kunde kwenye ungo, hakuinua kichwa. "Wamesema kuanzia mwezi ujao mimi ni mtu wao. Nikawauliza, wao wa kina nani?"

Bi Saumu akakaa kwenye kigoda, maneno yote aliyoyapanga yakampotea, akaanza kulia. Alilia kama mtoto, miwani ikaloa. Alisema ni kosa lake, miaka yote ametia saini, chumvi, kisiwa, kura za watu, na sasa anatakiwa kumtia mama yake mzazi ndani ya hotipoti.

"Saini usitie," alisema Bi Somoe.

"Wataleta vifaru, mama."

"Walete. Wakanyage mchicha." Lakini sauti ilimtetemeka, na Bi Saumu hakuwahi kuisikia ikitetemeka, hata siku ya kumzika baba.

Kando ya chemchemi akapita mwanamke na ndoo kichwani, mtu mzima, nadhifu. Alipowaona wamekaa barazani, alisita. Kisha akageuka, akashika njia ya kuzungukia shuleni, njia ndefu, yenye miiba, na ndoo yake imejaa.

"Si Bi Kibibi huyo?" aliuliza Bi Saumu akijifuta pua. "Mbona anazunguka? Nyumba yake si hii hapa?"

"Muache azunguke. Ana sufuria yangu huyo. Aliiazima harusi ya mwanawe, mwaka wa kumi na moja huu."

"Mligombana?"

"Nigombane naye wa nini? Sijamtolea neno baya hata siku moja. Nikimwona ninamsalimu vizuri, nauliza habari za wajukuu, halafu namwambia, 'Shoga, na ile sufuria yangu?' Basi. Hana raha huyo. Msibani akiniona anakaa upande wa wanaume. Mwaka juzi aliletewa nyama ya akika ya mjukuu awagawie majirani, kwangu akashindwa kuja."

Bi Saumu akaacha kulia. Akamtazama Bi Kibibi kule kwenye miiba, anahangaika na ndoo yake. Mtu mwenye nguvu zake, mwenye nyumba ya bati na wanawe watatu mjini. Akaivaa miwani.

"Mama," alisema polepole, "bakuli lako la harusi bado unalo?"

*

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, lori lenye hotipoti likasimama katikati ya daraja. Upande wa pili walikuwepo askari mia mbili wa Jirani waliokuja kuupokea mji, bendi ya matarumbeta, na waandishi wa habari wa nchi za mbali, walioalikwa na Jirani mwenyewe washuhudie hiari. Mbele yao alisimama Balozi Kilindo, mwakilishi wa Dola Kuu nchini Uchangani, mtu mrefu mwenye glavu nyeupe.

"Katika historia ndefu ya ujirani wetu," alisema Balozi kwenye kipaza sauti, "ujirani ambao haujawahi kupungua, bali umekuwa ukiongezeka, hasa kwa upande wetu, hatujawahi kuomba kitu. Tumekuwa tukipokea tu. Na kupokea, mabibi na mabwana, ni kazi ngumu."

Wakapiga makofi. Waziri Gogota alipiga mpaka saa ikamchomoka mkononi. Yeye alijua mji umo ndani. Hati ya Kilichomo aliiona imetiwa saini, hakuisoma.

Winchi ikainua mfuniko. Balozi akapanda ngazi kwa heshima, akainama, akachungulia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa na mwangwi.

"Mbona naona kunde?"

Chini kabisa, kwenye sakafu ya hotipoti ile iliyooshwa ikang'aa, palikuwa na meza ndogo. Juu ya meza, bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi mahali pamoja. Ndani ya bakuli, kunde za nazi.

"Ndizo, Mheshimiwa Balozi," alijibu Bi Saumu. "Mama amezipika leo asubuhi."

"Naona kwamba ni kunde. Ninachouliza, mji uko wapi?"

"Mji upo, Mheshimiwa. Hawajambo. Wanakusalimu."

Askari mia mbili wakatazamana. Balozi akashuka ngazi, glavu zake zimeshika vumbi. "Bi Mkurugenzi, huu ni utani. Ibara ya pili inasema kilichomo kiwe kitu ambacho mtoaji anakionea uchungu!"

"Mtoaji yule pale. Muulize mwenyewe."

Hapakuwa na haja ya kumuuliza. Bi Somoe alikuwa amesimama kando ya lori, khanga imefungwa kiunoni, midomo imembana kwa hasira, na uchungu aliokuwa nao hata kipofu angeuona.

"Bakuli langu la harusi hilo!" alifoka. "Lina miaka arobaini na sita! Nimemwambia huyu mwanangu chukua la plastiki, hataki! Nikamuuliza, litarudi? Ananijibu anamwomba Mungu lisirudi! Sasa huyo ni mtoto au ni nini? Na nyie mlioshiba huko, mkishakula kunde zangu, bakuli langu nitalipata lini?"

Waandishi wa nchi za mbali wakasogeza kamera. Balozi alikuwa anaupitia Mkataba kichwani, ibara kwa ibara. Alikuwa amefika kwenye ibara ya tatu. Kila mtu darajani alimwona akifika: kwanza macho, halafu shingo, halafu kijasho. Masharti haya yatazihusu pande zote mbili kwa usawa. Dola Kuu imeletewa chakula katika chombo cha watu.

Akapiga simu kwao. Simu hiyo ilichukua saa nne. Ng'ambo huko liliitishwa Baraza la Ulinzi, likatafakari kuzimwaga kunde, lakini kumwaga chakula cha mama mtu mzima mbele ya kamera tisa kulionekana jambo zito kuliko vita. Likatafakari kukikataa chakula, na wao wenyewe, kwa pilau ya miaka ishirini, ndio waliowafundisha walimwengu kwamba kukikataa ni tusi. Muda wote huo Bi Saumu alisimama juani, akivitazama vifaru viwili nyuma ya bendi, akijiambia kwamba kama vikianza kuunguruma atamshika mama yake mkono wakimbie, na mama hawezi kukimbia.

Saa nane mchana Balozi akarudi kwenye kipaza sauti. "Dola Kuu," alisema, kisha akakohoa, "imepokea."

*

Hapo ndipo shida ya Jirani ilipoanza. Bakuli lilikwisha kuwa kwake, na lazima lirudi na kitu anachokionea uchungu. Wataalamu wake wakakaa. Wakisema watie kitu kidogo, dunia itasema taifa kubwa lina roho ndogo. Wakisema watie kikubwa, basi leo ni bakuli moja, na Uchangani kuna nyumba laki mbili, kila nyumba ina mabakuli. Kulirudisha tupu ndiyo hata haikusemeka. Mwishowe ikatolewa taarifa rasmi, yenye nembo ya tai, kwamba bakuli linaoshwa.

Lilioshwa miezi kumi na nne.

Bi Saumu hakumgombeza mtu. Alipiga chapa waraka mmoja tu kwa ofisi zote za serikali: afisa yeyote wa Dola Kuu akija, asalimiwe vizuri, akaribishwe kiti, aulizwe habari za nyumbani, kisha aulizwe, "Na lile bakuli?" Basi. Hata Rais Kondo aliweza. Alipokutana na Rais wa Dola Kuu kwenye mkutano wa nchi za nje, alimsalimu kwa mikono miwili na kumuuliza, na yule bwana mkubwa mwenye manowari akaingia mlango wa kwanza aliouona, ambao ulikuwa wa msalani kwa akina mama. Rais Kondo alimngojea nje. Katika maisha yake yote lilikuwa bao lake la kwanza.

Na Siku ya Uhuru ilipofika, hotipoti haikuja. Utampelekeaje mtu chakula, na chombo chake unacho ndani? Wabunge walikaa darajani tangu asubuhi na vijiko vyao. Ilipofika saa sita Waziri Gogota akapendekeza kamati ya uchunguzi. Bi Saumu akapendekeza wapike. Walipika viwanjani, kwa masufuria ya kukusanya, pilau ikatoka bokoboko huku na mbichi kule, vyama vyote vikalaumiana kwa chumvi. Wakala wakamaliza.

*

Miezi miwili na nusu baadaye, asubuhi moja Bi Saumu akiwa likizo Mbubujiko, gari jeusi lenye bendera likasimama mbele ya nyumba ya mama yake. Akashuka Balozi Kilindo, peke yake, bila glavu. Mikononi alishika bakuli la kauri la kizamani, lina maua ya dhahabu, ndani limejaa tende.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, baba. Karibu. Hawajambo kwenu?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima." Alijua linalofuata, na hakutaka kulisubiri. "Mama, nimekuletea bakuli."

Bi Somoe akalipokea, akaliinua juani, akaligeuza. "Zuri," alisema. "Zuri sana. Lakini si langu."

"Ni bora kuliko lako, mama. Limetoka katika jumba la makumbusho. Wenyewe wametoa machozi kulitoa."

"Nakuamini. Langu lina ukingo wa buluu."

Balozi akamtazama Bi Saumu kumwomba msaada. Bi Saumu akawa anashughulika na uzi wa miwani yake. "Mama," alisema Balozi, na sasa sauti ilikuwa ya mtu tu, si ya Dola, "lile lako, kusema kweli, katika kuoshwa oshwa kule..."

"Hakuna neno, mwanangu," alisema Bi Somoe kwa upole. "Usijisumbue tena. Nitalifuata mwenyewe."

"Utalifuata wapi?"

"Huko huko kwenu. Nitauliza nyumba hadi nyumba. Mtu hakosi kulijua. Na hawa majirani zangu wamesema watanisindikiza, maana mimi miguu hainipi."

Balozi aliwaza bibi huyu na khanga yake anavuka daraja, watu elfu sita nyuma yake, na kamera za nchi za mbali, anabisha hodi katika mji mkuu wa Dola Kuu. Hakuaga. Aliingia garini kwa mlango wa dereva, dereva akahamia pembeni, wakaondoka wakiacha kiatu kimoja.

Bi Somoe akacheka. Akachukua tende moja, akaitia mdomoni.

"Mama, tema!" alipiga yowe Bi Saumu.

"Nini?"

"Ameacha bakuli! Ni la kwao, mama! Lipo kwetu! Tema!"

Bi Somoe akaitema kiganjani na kuirudisha palepale. Rangi ilimtoka. Alilitazama lile bakuli la maua ya dhahabu juu ya kigoda chake, kisha akaitazama chemchemi. Halafu, mtu ambaye miguu haimpi, akalinyakua bakuli akatoka mbio.

"We baba! We Balozi! Bakuli! Bakuli lako!"

Lakini Balozi, akitazama kwenye kioo, alichoona ni bibi anamkimbilia akipiga kelele za bakuli, na mji mzima nyuma yake, na Bi Kibibi yumo, amepita njia fupi. Akakanyaga mafuta. Gari likapita darajani bila kusimama, likavunja kizuizi cha Dola Kuu yenyewe, likatokomea.

Bi Somoe akafika katikati ya daraja akitweta. Pale ulipo mstari mweupe wa mpaka akasimama, akainama, akaliweka bakuli chini, juu ya mstari hasa. Akanyooka akishika kiuno, akarudi nyumbani kuteka maji.

Lipo mpaka leo. Kunguru walikula tende, na wanasheria wa ng'ambo bado wanachunguza kunguru wale walikuwa wa upande gani. Walinzi wa Uchangani wanalizunguka. Walinzi wa Jirani wanalizunguka. Vifaru vile viwili vipo palepale ng'ambo ya daraja, vimewashwa kila asubuhi na kuzimwa kila jioni, kwa kuwa daraja ni jembamba, lazima mtu ashuke kwanza alisogeze bakuli, na atakayeligusa ndiye atakayeulizwa lile la buluu, na katika jeshi lote la Dola Kuu hajapatikana mtu wa kuligusa.